Mwanga wa Dirishani

Bahati, Nairobi
Jumapili, 14 Oktoba 1979

Mpendwa dada yangu Anyango,

Pokea salamu zangu tele, zenye upendo uleule wa tangu tulipokuwa tukilala kitanda cha juu na cha chini pale bwenini. Natumai wewe na wanafunzi wako huko Kisumu hamjambo, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima wa mwili.

Uliniuliza maisha ya ndoa yana ladha gani. Wewe ndiwe uliyenishikia shela siku ile, ukamwona Bedan wangu akicheka kwa furaha mpaka kasisi akalazimika kumngoja. Bado ni yeye yule. Kila asubuhi nikiamka na kumkuta kando yangu, moyo unaruka, najiambia kwamba mwanamume huyu ni wangu. Chumba chetu ni kimoja tu, lakini nimekishonea pazia la maua ya manjano, na alipoliona mara ya kwanza alisema nimemletea bustani ndani ya nyumba. Ningeweza kujaza kurasa kwa habari zake. Ila Bedan halioni tena pazia lile, Anyango, na hilo ndilo nililokuficha.

Mwezi wa Julai, huko gereji anakofanya kazi, betri ya lori ilimlipukia akiwa ameinama juu yake. Asidi ikamwingia macho yote mawili. Madaktari walimtibu kwa bidii, kisha wakatuambia kwa upole kwamba wamefika mwisho wa uwezo wao, yaliyobaki tumwachie Mungu. Nikamwachia. Ndugu wa ushirika wetu walikuja kila Jumatano kumwekea mikono na kumwimbia. Jirani yetu Mama Zaitun, ambaye hukaanga mahamri mlangoni pake, alinitania kwamba sisi Wakristo kumbe bibi harusi huolewa na kwaya nzima. Alisema hivyo huku akinifungia mahamri ya bure.

Wiki zikapita. Kila Jumapili alasiri Mzee Laban, kiongozi wa ushirika, aliniuliza mbele ya wote Bwana ametenda nini nyumbani kwetu, nami nikajibu kwamba bado tunangoja. Siku moja Dada Teresiah alisema, bila kuniangalia, kwamba pengine katika nyumba ile kuna dhambi iliyofichwa inayozuia uponyaji. Niliona watu wakigeuka kumtazama Bedan, naye hakujua kwamba anatazamwa.

Unakumbuka kabla ya matokeo ya mtihani, ulivyotufundisha kumshukuru Mungu kwa jibu ambalo hajatoa, kana kwamba limekwisha kufika? Nililishika neno hilo. Jumapili iliyofuata nilisimama nikashuhudia kwamba asubuhi ile Bedan ameona mwanga wa dirishani. Watu wote wakasimama wakaimba, wengine wakilia. Wakamwuliza mwenyewe. Akasema tu Bwana asifiwe. Moyo wangu ukashtuka, nikadhani labda Mungu ametimiza palepale. Hakutimiza. Na Jumatano hakuja mtu, kwa sababu aliyepona haombewi tena.

Kisha Bedan akaanza kuona. Alisema gauni langu la buluu, lile la fungate, linanipendeza sana. Nilikuwa nimevaa sketi yangu kuukuu nyeusi, ile ya tangu shule. Alisema pazia limeingia vumbi, nilifue. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akakikosa, akacheka. Mama Zaitun alinivuta kando akaniuliza huyu amepona vipi, naye anapapasa ukuta akienda msalani. Nikaacha kuomba, Anyango. Nilikuwa napiga magoti kando yake, nafumba macho, nasikiliza sauti yake mpaka afike amina, na ndani yangu hapakuwa na kitu, hata hasira.

Juzi jioni alitaka kunimiminia chai, anionyeshe kwamba anaweza. Aliimimina mkononi mwake. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba chai imekolea rangi vizuri. Hapo nikavunjika, nikamwambia kwamba nilidanganya, kwamba hapakuwa na mwanga wowote. Akaniambia anajua, maana macho ni yake. Lakini alidhani mimi nimeamini kweli. Imani yake yeye iliishia hospitalini, na aliogopa kwamba akisema haoni, ataizima na yangu. Basi tulikuwa tukiishi hivyo, bibi na bwana, kila mmoja akilinda imani ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa nayo.

Tulipiga magoti palepale penye chai iliyomwagika. Sala nzuri sikuwa nayo. Nilisema, Bwana, Bedan haoni, na wewe unajua. Hakuna kilichotokea. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kuhisi kwamba nazungumza na aliyepo.

Leo alasiri nimesimama tena kwenye ushirika. Nimesema kwamba haoni, kwamba hakuona, na kwamba uongo ulikuwa wangu. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Teresiah alifunga Biblia yake. Mzee Laban akamwuliza Bedan kama ana neno. Alisimama, mkono wake begani mwangu, akasema ni kweli haoni, wala hajui kama ataona, lakini amekuja. Kisha akaketi. Tumerudi nyumbani peke yetu. Sijui kama Jumatano tutabishiwa hodi.

Dada yangu, usimshukuru Mungu kwa ajili yetu bado. Mwombe tu. Mwambie haoni. Na mimi nikichoka, wewe usiache.

Wasalimie mama na wadogo zako wote. Mama Zaitun anasema uje umwone bibi harusi wenu alivyokonda. Bedan naye anataka kutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na ameniomba nisimshike. Jina lake likipanda juu ya langu, usishangae. Yasome yote mawili pamoja.

Ni mimi akupendaye,

Wangeci
na Bedan