Nyumba Saba za Nyuma ya Tanuri

Kwako dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikitumaini kikohozi cha mdogo kimepoa na ule uchovu ulioniandikia umekuachia. Sisi hatujambo. Mguu wa mama unamsumbua asubuhi tu. Akishaanza kuwafokea kuku anasahau kama ana mguu. Amekaa hapa ubavuni mwangu anachambua maharage, na anasema nikwambie kwamba unaandika barua fupi kama mtu anayekimbizwa.

Yangu itakuwa ndefu. Uliniomba nimfikishie salamu Mama Cherehani, aliyekufundisha kushona, na umeuliza mara mbili mbona sikujibu. Nitajibu, dada, ila niache nianzie mbali, maana nikianza na mwisho nitaichana karatasi.

Nilipomaliza shule nilipata kibarua katika ofisi ya mipango. Ni chumba kimoja nyuma ya ghala la mbegu, kina meza tatu, moja imeegemezwa ukutani kwa kukosa mguu. Wamebandika ramani ya mji wetu ulivyo, na kando yake ramani ya mji utakavyokuwa: barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, soko lina paa, kuna mtaro wa maji ya mvua na stendi ya magari. Afisa mipango ni mtu mpole anayechonga penseli zake kwa wembe. Alituambia mji mdogo usipopangwa mapema huota kama magugu. Nilimwamini, na bado naamini. Kila asubuhi nilikuwa namtafutia mama nyumba ndani ya ile ramani ya pili.

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na fomu: nani anaishi hapa, wako wangapi, tangu lini. Aliyeandikwa, nyumba yake ikiangukia kwenye mradi, anapewa kiwanja kingine kule juu kilimani kabla ya kuhamishwa. Asiyeandikwa hana chake. Nisipokuta mtu, nirudi siku nyingine. Nikikosa tena, niandike kwamba hapakaliwi na mtu.

Unanijua. Hodi yangu haimwamshi hata paka. Lakini nilijikaza, nikamaliza mitaa minne, na mwisho zikabaki zile nyumba saba nyuma ya tanuri la matofali. Fomu zote zilirudi ofisini kwa wakati, na afisa akanisifu mbele ya wenzangu. Ramani ikachorwa upya. Pale nyuma ya tanuri palionekana patupu, basi stendi ikawekwa pale.

Tangazo la kuhama lilipobandikwa, Mama Cherehani alikuja ofisini na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alimsalimu afisa vizuri, kisha akauliza inakuwaje mahali aliposhonea miaka ishirini paitwe patupu, wakati hata mbuzi akilala mahali usiku mmoja huacha alama. Afisa alicheka kidogo. Akatoa fomu, akamwonyesha: karani alifika mara mbili, hakukuta mtu. Alisema mradi ukija kila mtu hujifanya mkazi. Alisema pia kwamba mimi sijui kusema uongo, kwani hata kusema kwenyewe ni kwa shida. Akaniuliza kama nilikwenda. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama nilikuta mtu. Nikatikisa kichwa.

Mama Cherehani alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema labda alikuwa nyuma anaanika nguo, hakusikia. Akatoa mfukoni kitu kilichokunjwa, akakiweka juu ya meza yangu. Ilikuwa sketi ya buluu. Alisema ameishona kwa kukisia, maana karani hapendezi na sketi ya shule. Akaenda zake.

Tingatinga lilikuja Jumatano. Kufikia adhuhuri nyumba zote saba zilikuwa chini. Mzee wa nyumba ya tano, yule mpweke aliyefyatua matofali ya nusu ya mji huu, alitolewa akiwa amebebwa pamoja na kitanda chake. Hakumaliza wiki.

Sasa nikwambie, dada. Sikubisha hodi katika nyumba hata moja kati ya zile saba. Nilifika kwenye kona ya tanuri, nikasikia vicheko vya wanawake barazani kwa Mama Cherehani. Nilikumbuka siku aliyoniuliza kama ulimi wangu nimemwazima mtu, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ilikuwa mzaha tu. Lakini miguu ilikataa. Nikageuka, nikakaa nyuma ya rundo la kuni, nikajaza fomu saba, na tarehe mbili mbili za kwenda nisikokwenda. Niliona haya kwa dakika tano, na kwa ajili ya dakika hizo watu wanalala nje.

Mzee alipozikwa nilimwambia afisa ukweli. Aliacha kuchonga penseli. Akasema ramani imeshapigwa muhuri na kupelekwa juu, na mimi ni mdogo, nisijiharibie maisha. Akanishauri nikae kimya, ati hicho ndicho ninachokiweza zaidi.

Jana mchana nilichukua fomu saba mpya nikaenda. Wamefunga maturubai kwenye ukuta wa tanuri. Turubai halina mlango wa kugonga, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti. Nilipiga hodi mara tatu. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Mama Cherehani hakuinua macho kutoka kwenye cherehani yake. Alisema alikuwa anajua. Aliniona pale konani siku ile na sketi yangu ya shule, nikigeuka. Kule ofisini alinisubiri niseme mwenyewe. Alinisubiri kadiri alivyoweza, akasema, hakutaka kumvua mtoto wa mwenzake nguo mbele ya watu. Ile sketi nisiirudishe. Ila nisiivae mbele yake.

Kisha alinitajia majina, nyumba moja baada ya nyingine, nami nikaandika. Tulipofika ya tano aliniambia niandike vilevile nilivyoandika mwanzo, kwamba hapakaliwi na mtu.

Fomu hizo nimezipeleka kwa mwenyekiti wa halmashauri pamoja na barua ya mkono wangu. Hakuna aliyeniahidi kitu. Afisa amesema Jumatatu nisije.

Salamu zako nilizifikisha. Aliuliza kama bado unasahau kufunga uzi mwishoni mwa mshono.

Mama ameshamaliza maharage na ananiuliza ninaandika nini kirefu hivi. Hajui chochote. Nitamsomea barua hii kwa sauti kabla sijaifunga, kwa hiyo ukiipata, ujue naye ameshaisikia.

Wabusu watoto. Shemeji mpe heshima zangu. Na ukiweza kuja, njoo, hata kwa siku moja.

Ni mimi mdogo wako,
Mnong'ono