Jina Nililompa Amisi

Kasongo, Jumapili. Mvua tangu asubuhi, na rezo ya telefone inakuja na kuondoka.

Ni majuma mawili sijaandika hapa mtandaoni. Wanaonisoma wamezoea habari za masomo, vitabu, na mchezo wetu wa Jumapili. Leo naandika juu ya mchezo, lakini bila furaha. 

Kwa asiyetujua: sisi ni watu watatu. Mimi, Zaina, nafundisha Kifaransa. Mapendo ni muuguzi. Amisi anauza vipuri vya pikipiki, nimekua naye mtaa mmoja. Kila Jumapili tunakaa barazani kwangu na dadu na kaye ya kuandikia, tunacheza hadithi. Mimi ndiye msimulizi: naeleza nchi ambayo haipo, misitu yake, wafalme wake, mazimwi yake. Wao wanakuwa watu wa nchi hiyo. Mtu akitaka kuvuka mto au kupigana na zimwi, anatupa dadu, na dadu inasema kama ameweza. Nilijifunza mchezo huu nilipokuwa nasoma Bukavu.

Katikati ya juma tunaendelea kwa telefone, kwenye kundi letu. Humo niliweka sheria moja: jina la nyumbani linabaki nje. Kila mmoja aandike pale juu, penye jina lake, jina la mhusika wake, ili ujumbe ukiingia, aseme mhusika, asiseme rafiki yako.

Mimi nilikuwa Malkia wa Majivu. Mapendo alijiita Sumu Tamu, akacheka mpaka akakaa chini.

Amisi alitaka Kobe.

Nilikataa. Nikamuuliza nani ataogopa kobe. Akafikiri, akasema basi Mufungua-Njia, kwa sababu mtu wake ndiye anayetangulia msituni na panga, kuwafyekea wenzake. Jina zuri. Lakini mimi mwalimu wa lugha nikaona halina meno. Nikamwambia aweke Mukata-Njia. Kisha nikaongeza Komanda mbele.

Hapa kwetu kila mtoto anajua mkata njia ni nani. Ni yule anayengoja wasafiri kwenye kona, na bunduki. Mimi pia nilijua. Ningependa kuandika kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilisikia jina linanitia woga kidogo, na nikaupenda ule woga.

Hilo ndilo nimekuja kukiri.

Ijumaa ya juma lililopita Amisi alipanda nyuma ya motari mmoja, dereva wa pikipiki, kupeleka mzigo Salamabila, kwa watu wa machimbo. Jumatatu, nilipotoka darasani, nilimkuta mama yake amesimama mlangoni pangu, viatu mkononi, miguu imejaa udongo.

“Mwalimu,” akasema, “ni mchezo gani ule munacheza na mutoto wangu?”

Nikamwomba aketi. Hakuketi.

“Wamemukamata. Motari njo amerudi kutuambia. Wanasema eti iko komanda. Komanda wa nani? Amisi anaogopa hata mbwa wa jirani!”

Kwenye bariyeri, kizuizi cha askari njiani, walikuwa wanafungua telefone za wapita njia. Wakafungua ya Amisi. Wakakuta kundi, wakakuta majina yetu, wakakuta ujumbe niliouandika mimi asubuhi ile ile: “Alhamisi tunavuka mto. Kila mtu alete silaha yake. Tukifika langoni, asibaki hata mmoja.” Ilikuwa ngome ya mazimwi. Lakini mazimwi sikuyataja. Niliona ujumbe mfupi unapendeza zaidi.

Wakampeleka Kabambare, kwenye ofisi ya usalama.

Mapendo alikuja mbio nilipomwita. Alisikiliza yote, kisha akashika mkono wangu, kama mdogo kwa dada yake.

“Yaya, usiende. Ukienda, wewe njo utakuwa Malkia. Saa hii hawajui Malkia ni nani.”

Alisema kweli. Jioni ile alijitoa kwenye kundi. Simlaumu, nani atapokea sindano kwa muuguzi anayeitwa Sumu?

Mimi pia nilikaa na telefone mkononi, kidole juu ya neno “futa”. Halafu nikakumbuka kwamba maneno yale yale yako kwa Amisi, na yangu yakikosekana, ndipo nitaonekana mwenye kosa. Nikayaacha.

Jumanne nikapanda nyuma ya motari, kaye na dadu nimezifunga ndani ya kitenge kifuani. Njia ni tope. Mahali pengine tulishuka na kusukuma. Bariyeri ya kwanza, hakuna aliyeniuliza kitu. Ya pili, vilevile. Nilitamani waniulize. Kupita bila kuulizwa kulinifanya nihisi kwamba huko mbele wanajua nakuja.

Kabambare tulifika Jumatano. Mkubwa wa ofisi ile alinipokea kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Aliniletea kiti mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na kaye, na ndani yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, majina yetu yote matatu yamepangwa moja chini ya jingine. Penye Komanda Mukata-Njia ameandika jina la Amisi pembeni. Penye yale mengine mawili, pembeni kulikuwa na weupe.

“Mwalimu, unajua mutu moja anaitwa Malkia wa Majivu?”



“Ni mimi, shefu.”

Hakuinua kichwa. Aliandika. Akauliza jina langu kwa ukamilifu, na la shule ninakofundisha, akaandika vyote ndani ya ule weupe.

“Na huyu Sumu Tamu?”

“Huyo ametoka kwenye mchezo. Mwenye mchezo ni mimi, hata jina nilikubali mimi. Andika hivyo.”

Akaweka kalamu chini. Hakuandika.

Nikafungua kitenge, nikaweka dadu mezani na kaye yangu kando yake. Nikaeleza nchi isiyokuwapo, ngome, mazimwi. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia mwongo, na kumbe nilikuwa nasema kweli tupu. Yeye akachukua dadu, akaitupa.

“Imesema mbili. Mbili ni nini?”

“Umekosa, shefu.”

Mlinzi wa mlangoni akageuza shingo. Mkubwa akatabasamu.

“Na mukikosa kule, munakufa?”

“Mhusika anakufa. Sisi tunaenda kula.”

Akazungusha dadu kwa kidole.

“Huku kwetu, mwalimu, mutu akijiita Komanda, kesho kutwa iko na watu nyuma yake. Tumeona. Inaanzaka na jina.” Kisha akauliza, polepole, “Lile jina, nani alimupa?”

“Mimi. Yeye alitaka Kobe.”

“Siku sita tunamuuliza. Anasema alijipa mwenyewe. Na Malkia, yeye anasema hamujui.”

 Siku sita Amisi, anayeogopa mbwa, alikuwa amesimama mbele ya jina langu asiwaache wapite.

Mkubwa alisoma kaye yangu yote, ukurasa kwa ukurasa, saa nzima na zaidi. Alifika kwenye picha ya ngome niliyoichora, mazimwi yanachungulia madirishani, lenye pembe na lenye macho matatu. Akaitazama sana. Mwishoni akaita mlinzi, akamwambia amlete kijana.

“Muchukue. Telefone inabaki.”

Niliuliza, kwa heshima zote, kwa nini.

“Bado tunasoma.”

Amisi alitoka akifumba macho kwa mwanga. Alikuwa amekonda, na alikanyaga chini kama mtu anayepita juu ya makaa. Nilitaka kumwomba msamaha pale pale, badala yake nikamfunika kitenge mabegani. Njia nzima alikaa kati yangu na motari. Tulipolala njiani kwa familia moja ya wakulima, walitupa ugali na sombe, majani ya muhogo, akala kidogo, akanawa. Ndipo akasema, macho kwenye sahani:

“Zaina, mule ndani waliniita Komanda tu. Mimi nakataa, nasema naitwa Amisi. Siku ya tatu nikaanza kuitika.”

Nikachukua sahani yake, nikaenda kuiosha. 

Ijumaa tulifika Kasongo. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamtaja kwa majina yake yote, la kwake, la baba yake, la babu yake, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Mimi akanipa mkono. Mkono tu.

Leo mchana, mvua ikinyesha, Amisi alikuja na sahani ya karanga. Hakuja kucheza. Alisema tu kwamba nyumbani watu wanakuja kumtazama na amechoka kutazamwa. Tukakaa barazani tukimenya. Mapendo hakuja. Telefone yangu ilikuwa mezani kati yetu, na ghafla rezo ikarudi.

Telefone ikalia.

Kwenye kundi. Komanda Mukata-Njia: “Malkia, mbona kimya? Tunavuka mto lini?”

Niliinua macho. Amisi alikuwa mbele yangu, viganja vyote viwili vimejaa karanga.

“Ni nani?” akauliza.

“Ni wewe,” nikamwambia, na kumgeuzia telefone.

Alisoma. Karanga zilimwagika, hakuziokota.  Nikijitoa kwenye kundi, nimekimbia. Nikinyamaza, nimejificha. Nikijibu kama Malkia, ndiyo mchezo umeendelea, na safari hii msimulizi si mimi.

Nikafuta lile jina pale juu. Nikaweka Zaina. Kisha nikaandika: “Mimi ni Zaina, mwalimu. Hakuna mto wa kuvuka. Mchezo umekwisha.”

“Andika na langu,” Amisi akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. “Andika Amisi iko hapa Kasongo, ameketi kwako, anakula karanga.”

Nikaandika vile alivyosema. Nikatuma.

Ujumbe ulipokelewa. Ukasomwa. Pale juu, chini ya lile jina nililolitunga mimi, ikatokea “anaandika”. Ikakaa hapo muda mrefu, ikapotea, ikatokea tena. Halafu rezo ikaondoka, na mpaka nikiandika mistari hii haijarudi sawasawa. Hata sijui kama maandishi haya yatapanda.

Amisi ameenda kwao. Nilimsindikiza mpaka kwenye kona, na yeye akasimama kunitazama mpaka nilipoingia ndani.

Kesho saa moja na nusu nina darasa. Kabla ya somo huwa naita wanafunzi jina moja moja, kila mmoja anasimama na kujibu. Nitaanza na langu.