Baba Yuko Upande wa Migomba

Melini, tukirudi Southampton

Ndugu yangu Ombati,

Natumaini binti yako Moraa anakusomea haya ukiwa umekaa, siyo umejilaza ukijifanya mgonjwa mahututi. Moraa, msomee baba yako polepole na kwa sauti, na akisinzia mguse bega. Jicho linaendeleaje? Shemeji ameniambia daktari alikukataza kuinama na kubeba vitu, na kwamba ndiyo maana bado uko Masimba kwa Moraa hujarudi nyumbani Ekerenyo. Mtii daktari. Chai itachunwa hata usipoisimamia. Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yananikumbusha umri kila penye ngazi, na melini ngazi ni nyingi.

Ndiyo, niko melini. Kemunto alitupa mimi na mama yake zawadi ya safari ya mapumziko, kwa meli kubwa ya watalii. Mwanzoni nilikataa, nikisema bahari nimeiona ya kutosha tangu siku zile za Tanga. Sasa nakiri kwamba sijawahi kuona mji uliopangwa vizuri hivi. Ina maktaba ndogo, na mimi niliyefanya kazi ya maktaba mpaka kustaafu nilikwenda kuikagua kabla ya kufungua sanduku langu. Vitabu vyote vilikuwa mahali pake. Mke wangu aliumwa na mawimbi, kisha akapona, kisha akaanza kuwafunga wazee wa Kiingereza kwenye karata. Tangu hapo hashuki bandarini.

Kwa hiyo tulipofika kisiwa cha Madeira tulishuka wawili tu, Kemunto na mimi. Ombati, kile kisiwa ni Nyamira iliyozungukwa na maji. Vilima ni vikali kama vyetu, na ubavuni wamepanga matuta ya migomba, tuta juu ya tuta, kila moja likishikiliwa na ukuta wa mawe uliojengwa bila saruji. Kati ya matuta wamechonga mfereji mwembamba wa maji, na kando yake kuna kijia cha kupita mtu mmoja. Nilitembea nikinusa majani ya migomba yenye unyevu.

Kemunto hakuwa amekuja kunusa migomba. Ana mchezo unaoitwa geocaching. Mtu anaficha kikopo mahali popote duniani, anaandika namba za mahali hapo, namba zinazopimwa na setilaiti, na mtu asiyemjua anakuja na simu yake kukitafuta. Ukikipata, unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo ndani. Ukipenda kimojawapo cha vijitu vilivyomo, unakichukua na kuacha chako. Kisha unarudisha kikopo palepale kilipokuwa. Hakuna mlinzi, wala mtu wa kukuuliza.

Simu ilitufikisha kwenye ukuta unaotenganisha mashamba mawili. Mimi ndiye niliyeliona jiwe lililolegea. Nilipolivuta, nikaona kikopo kimesukumwa ndani kabisa, kimefungwa kwa mfuko mweusi. Unajua nilichofanya. Nilirudi nyuma, nikamshika Kemunto mkono asikiguse. Kikopo kilichofichwa mpakani mwa mashamba ya watu wawili! Miaka yote hii ya vitabu haikunisaidia kitu; niliwaza uchawi tu.

Kemunto alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Baba, huu ni mchezo. Walioficha wanataka tukipate."

Nikamwambia, "Kwetu pia walioficha walitaka ukipate."

Alikifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na kifungo cha ganda la kombe, kigari cha mtoto, ufunguo usio na kufuli, na karatasi iliyojaa majina ya watu wa kila taifa. Mwenye shamba, mama wa makamo yangu aliyefunga kitambaa kichwani, alikuja kutuangalia. Kwa ishara na kwa simu inayotafsiri alituambia kwamba yeye hachezi mchezo huo, ila mvua ikinyesha sana huja kutazama kama jiwe limeanguka, kwa sababu watu wanatoka mbali. Akasema hakuna aliyewahi kumvunjia hata jani la mgomba. Nilimstahi sana. Kila mmoja wao anakiacha kikopo kizima kwa ajili ya mtu ambaye hatamwona. Niliandika jina langu, na chini yake nikaandika Ekerenyo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie nikiwa bado safarini.

Tuliketi ukutani kula machungwa. Kemunto akasema naye ana cha kunionyesha, alikuwa akikihifadhi kwa ajili yangu. Alifungua simu, na pale palikuwa na boma letu likionekana kutoka angani. Kwa miezi, bila kuniambia, amekuwa akimwomba mkeo asimame hapa na pale na kumtumia lokesheni: kisima, lango, jiko, ghala la zamani. Mtoto aliyefika kwetu mara mbili tu alikuwa ameliweka boma lote kwenye kiganja. Nilitaka kumwambia jinsi nilivyomwonea fahari, lakini nilikuwa nimeshaona alama mbili za mwisho, za makaburi ya wazazi wetu. Penye mkaratusi aliandika Bibi. Penye migomba aliandika Babu.

Nilimuuliza nani alimwambia.

"Baba mdogo aliniandikia mwenyewe," akasema, akanisomea maneno yako: "Baba yuko upande wa migomba, tata upande wa mkaratusi."

Alikuwa amefikiri "tata" ni jina la utani la bibi yake.

Nikamwambia, "Kwa lugha ya kwetu, baba ni mama."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. "Na tata?"

"Tata ndiye baba."

"Kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa nikikuita mama?"

Tulicheka wote wawili, na yule mama mwenye shamba akacheka pia bila kujua kwa nini. Simlaumu Kemunto. Nyumbani kwangu tulizungumza Kiswahili cha mama yake, cha Tanga, na mimi nikaona kinatosha.

Kisha Kemunto akaacha kucheka. Jiwe la kaburi alilomchongeshea bibi yake, lile jiwe laini linalochimbwa Tabaka, lenye jina lake, limeshafika Ekerenyo na limeegemezwa ukuta wa jiko. Fundi anakuja kulisimika Jumapili, mara tu Sabato ikipita, na Kemunto ameshamtumia namba za pale penye mkaratusi. Saruji ikikauka, jina la mama litakuwa juu ya baba yetu.

Nilimpigia shemeji tulipofika bandarini. Alinijibu kwa heshima, lakini alikataa. Alisema yeye aliolewa wote wawili wakiwa wameshazikwa, kwamba alisimama pale ulipomwambia asimame, na kwamba hawezi kumhamisha fundi kwa maneno ya shemeji aliye baharini. Mwenye nyumba aseme. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Na mimi siwezi kusema kwa uhakika. Mama alipozikwa nilikuwa mbali. Najua kwamba mwanamke huzikwa kushoto kwa nyumba yake na mwanamume kulia, lakini nyumba ilikwisha kubomoka, na bila mlango hakuna kushoto wala kulia. Migomba nayo husogea. Inachipuka hapa, inakatwa pale. Lile neno uliloandika ndilo nililo nalo. Ulimwandikia mtoto wa Kiswahili, kwa Kiswahili, na huenda katikati ulibadilika ukaanza kusema kwa lugha yetu. Nadhani hivyo. Lakini anayejua ni wewe peke yako, ndugu yangu, nami sikuwahi kukuambia ninavyokushukuru kwa kubaki na kujua.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unasikia nusu, na jambo hili halitaki nusu. Kemunto atapiga picha kurasa hizi azitume kwa Moraa leo. Moraa akimaliza kusoma, mwambie shemeji neno lako, naye amwambie fundi. Jicho likipona, nenda ukasimame mwenyewe pale alipo mama, na Moraa achukue namba upya. Kemunto anakuja Desemba. Anasema atatoka langoni na simu mkononi, bila kuonyeshwa na mtu, mpaka afike uliposimama.

Nisalimie shemeji, mlinzi wa boma. Msalimie mama mkwe wa Moraa anayekuvumilia hapo Masimba, na jirani yetu mwenye boda boda anayempeleka shemeji sokoni. Mke wangu anakusalimu kutoka kwenye meza ya karata.

Nijibu kitu kimoja tu: baba yuko wapi?

Ni mimi kaka yako, mtoto wa baba, na sasa hata Kemunto anajua ni yupi.