Waridi la Onyesho la Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu Duane kaikuta fomu ya ruhusa ya shule. Igizo la mwaka huu: wavulana wawili wanaopendana, mji mzima unawaandama. Na mwanetu Anders ni mmoja wa hao wawili! Sahihi ni yangu. Niliitia Januari saluni, mikono imejaa rangi ya nywele, bila kusoma. Nani husoma fomu za shule? Duane kasema haendi, na mimi nisiende. Nikasema tutaona. Ndoa yangu yote ni "tutaona".

Jumatano, 6 Machi

Mlo wa supu wa Kwaresima kanisani, kila mama huleta sufuria yake. Nilipeleka ya kuku na tambi. Sufuria imerudi imejaa, hakuna aliyeigusa – haijawahi! Ardis, mke wa mchungaji, kanivuta kando: eti wananiombea, eti anayemwachia mtoto moto asilie akiungua. Ni mteja wangu wa kila Ijumaa. Nikamjibu, "Ahsante, dada Ardis." Ahsante ya nini? Saluni nina ulimi wa wembe, kanisani kondoo.

Alhamisi, 7 Machi

Anders kaja jikoni. Amekonda. Nikamwambia asijali, kuigiza ni kuigiza tu.

"Mama, kwangu si kuigiza."

Niliendelea kumenya viazi. Mungu wangu, niliendelea kumenya viazi!

Kisha akasema onyesho la mwisho ni Jumamosi mchana, na kama kawaida wanaomaliza shule watawaita wazazi jukwaani, wawape waridi. "Nikikuita utapanda?"

Nikasema nitapanda.

Ijumaa, 8 Machi

Ardis hakuja. Hata simu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika ndani ya gari, nje ya shule. Saa kumi na nusu. Vidole vimeganda.

Nilikwenda. Duane nilimwambia naenda dukani. Ukumbi nusu mtupu, Ardis nyuma yangu kabisa. Anders alipomshika mwenzake mkono, mtu akapiga kelele, "Aibu! Shukeni!" Mwanangu hakutetereka. Nilimwonea fahari. Naliandika hapa maana sitalisema popote.

Kisha maua. Wenzake wakaita mama, wakaita baba. Zamu yake: "Mama yangu, Marlys."

Nikasikia Ardis akiguna. Nikainama kutafuta kitambaa mkobani. Nikatafuta, nikatafuta. Akaita tena! Miguu inayosimama saluni kutwa nzima ikakataa.

Akainuka Bernadine, mpishi wa shule, mama wa yule kijana mwenzake. Waridi lake analo tayari. Akapanda tena, akasema kwa sauti, "Nipe mimi, mwanangu." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga!

Sasa wanatoka. Anders ameliona gari langu. Amesimama. Bernadine anamfungulia mlango wa gari lake. Ardis yupo pale ngazini, anatazama.

Nimeshusha kioo. Nimemwita Anders, kwa sauti, kila mtu kasikia. Hajageuka. Namwita tena –