Bahasha ya Hongera kwa Mgonjwa

Matsue, 9 Februari

Kaka Morihiko mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Kushiro? Theluji haijakuzibia mlango? Mimi sijambo. Baba bado amelazwa. Kifua kinambana, ila mdomo mzima, na wauguzi wamekoma naye.

Bahasha yako ilifika Jumanne. Kaka, nilipoiona niliigeuza mara mbili. Wewe, mtoto wa muuza bahasha! Umesahau Baba alivyotukalisha nyuma ya kaunta akitufundisha kwamba pesa ni okane sokoni tu, lakini ikiingia kwenye bahasha hupewa jina la shughuli yake: ya harusi goshugi, ya msiba koden, ya mgonjwa omimai? Nawe umeokota ya oiwai, ya hongera, tena yenye uzi wa fundo la kipepeo, lile la kufungua na kufunga tena, tunalolitumia kwa jambo tunaloomba lijirudie. Umempongeza baba yako kwa kuugua, ukamtakia augue tena.

Miaka tisa hamjasemezana. Niliogopa ataona umemkejeli, na yaishie hapo. Basi nakuungamia: nilizihamishia noti zako kwenye bahasha ya omimai, yenye fundo gumu lisilofunguka, nikaandika jina lako kwa brashi, nikampelekea kama vile imetoka kwako.

Aliitazama kitambo. Akaniuliza tangu lini Morihiko ana mwandiko mzuri hivyo, kisha akaniagiza nimpe ile yako. Nililia, nikaitoa mkobani. Alicheka mpaka kikohozi kikampanda, akasema kumbe wewe bado ni yule yule bwege wake. Mgonjwa wa kitanda cha pili akataka kuita muuguzi. Halafu Baba akawa analipapasa lile fundo.

"Hili la kufungika tena ndilo ninalolitaka," akasema. "Mwambie aje alifunge mbele yangu."

Akaufungua uzi mwenyewe. Nimeuweka humu ndani ya barua. Daktari hataji siku, nami sikuulizi utapata nafasi lini. Nimekukumbuka mno. Panda treni, Kaka.

Wasalimie wote wanaokutunza huko, na uvae soksi nzito njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Tokiko