Mamba wa Wifi Zuhura

Ijumaa, 4 Julai
Nimemenya mihogo, nimeswali alasiri, nimekwenda kibarazani kufa. Mara ya pili sasa. Mchezo ni wa wifi yangu Zuhura, alitoka nao chuoni Dar. Yeye anasimulia hatari. Sisi kila mmoja ana mtu wake aliyemtunga, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua nani anapona. Mwezi uliopita mganga wangu alimezwa na joka chini ya daraja la Ndundu. Leo zimwi limemla mpiga mishale wangu. Limeanzia miguuni. Zuhura alisimulia taratibu, macho kwangu. Wengine wote wazima. Simpendi. Hanipendi.

Jumamosi, 5 Julai
Nimetunga mtu mpya. Bibi Mwanaidi, mpiga kasia, kwao visiwani Mbwera kama kwetu. Hana nguvu, hana upanga. Anayajua maji na anajua kukimbia. Nimempa goti bovu na mdomo mchafu. Mume wangu Seif kanicheka, eti nalilia watu wa karatasi. Hajui kitu. Niliolewa hapa Bungu sina ndugu hata mmoja. Mganga yule alikuwa rafiki yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Kapona! Kawapitisha wenzake wote kwenye mikoko, majitu yakabaki yamenasa topeni. Jirani yetu Mwalimu Tabu kapiga vigelegele. Zuhura kakunja mkeka watu hawajainuka.

Jumanne, 15 Julai
Bombani. Zuhura mbele ya wanawake: kwa kina wifi huko visiwani mamba ni majirani, wanaamkiana. Wakacheka. Nikajaza ndoo yangu. Hasira haijanitoka mpaka sasa.

Ijumaa, 18 Julai
Kaleta mamba. Nilijua.
Bibi Mwanaidi anavuka kijito, mtumbwi unapinduka. Ikija kumi au zaidi, anapona. Zuhura karusha dadu mwenyewe, kaifunika kwa kiganja. "Sita. Amekufa."
Nikauinua mkono wake kwa nguvu. Kumi na saba.
Seif kaanza, jamani mchezo tu huu. Nikamwambia anyamaze. Zuhura kasimama, machozi ya hasira: "Nilirudi kutoka chuo nikakuta kitanda chako chumbani kwangu. Mama akiita, anaita jina lako. Na huku mchezoni nako unataka uishi?"
Nikamwambia ndiyo, nataka.
Kaondoka. Sikumhurumia. Naandika hivyo nisije nikajidanganya kesho.

Jumapili, 20 Julai
Hatusemeshani. Akipakua wali ananiruka. Mama mkwe anaona, anaendelea kula. Seif anataka nikaombe radhi. Radhi ya nini? Ya kupona?

Ijumaa, 25 Julai
Wamenitaka nisimulie mimi. Nimekubali. Zuhura kaja kachelewa, na mtu wake, msichana mwenye mkuki. Kaingia pangoni kwa chatu peke yake, hakuwangoja wenzake. Nilimpa dadu arushe mwenyewe, mbele ya wote. Tatu.
Wiki nzima nilikuwa naingoja hiyo. Maneno nilishayapanga, mbavu zivunjike mmoja mmoja. Nikasema tu kwamba chatu alimzunguka, msichana akalala, hakuamka.
Zuhura kaigeuza karatasi yake upande mweupe. Kauliza kama anaruhusiwa kutunga mwingine. Nikamwambia anaruhusiwa.
Kasema nisogee, namkingia mwanga. Nikasogea. Akaanza kuandika.