Kiti Kisichofaa Mgeni

2 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mwanao, na saluni yako hapo barazani pamoja na vichwa vyote vinavyoingia na kutoka. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua niliyoambukizwa na miswada: hapa kwenye nyumba ya uchapishaji vumbi la karatasi hufika puani kabla hoja hazijafika kichwani.

Nimekumbuka kwamba mwezi huu mama anastaafu upishi wa shule. Mtu aliyesimama mbele ya masufuria tangu sisi hatujaota meno hawezi kuachwa arudi nyumbani kimyakimya, kama mwavuli uliosahauliwa mahali ukarudishwa. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, sherehe, na hotuba nitaiandika mimi. Pili, tumnunulie sofa la mtu mmoja, lenye mito na mahali pa kuegemeza mikono, kama wanayokalia mameneja. Mtu hutukuzwa kwa mahali anapoketishwa. Historia nzima ya binadamu inaniunga mkono, na ukitaka ushahidi nitakuletea.

Mpe mama shikamoo yangu. Siri usimpe.

Ndugu yako mdogo

9 Juni

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Sisi tu wazima, sijui wewe na hayo mafua ya kisomi. Mwanangu anakusalimu, anauliza kama bado unabishana na redio.

Ushahidi kaa nao. Kwani umeshalisahau kabati la wageni? Chupa ya chai uliyomletea siku ya mahafali yako imo humo, haijawahi kuonja chai. Blanketi nililomnunulia hulala nalo shangazi akija. Asipokuja, linalala peke yake. Kitu kizuri kikivuka mlango huu kinakuwa cha mgeni. Ukileta sofa, mama atalitandikia kitambaa, kisha atarudi kwenye ndoo yake aliyoipindua pale mlango wa jiko. Na hapo penyewe hakai mpaka awe na vitunguu vya kumenya. Akikaa bila kitunguu anajiona mwizi.

Nacheka, lakini si la kuchekesha. Miguu yake imevimba. Muuguzi wa zahanati amemwambia apunguze kusimama, akae, aiinue miguu, la sivyo itakuja kumlaza kitandani. Akajibu, "Asante, mwanangu," akarudi nyumbani akaosha madirisha. Jioni namkanda kwa maji ya moto ya chumvi. Na nimegundua mtego: nikimsuka, kichwa chake kiko mikononi mwangu, hawezi kuinuka. Basi nasuka polepole makusudi. Lakini nywele nazo zina mwisho.

Ukitaka kumfurahisha mama, achana na maduka. Tengeneza kitu kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako

16 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, ubishi umebaki, kwa hiyo ujue nimepona kabisa. Habari ya miguu ya mama imeninyima raha. Nimeisoma mara nyingi kuliko mswada wowote ulio mezani pangu.

Hata hivyo, nina neno. Umesema nitengeneze kitu kwa mkono. Kalamu hushikwa kwa nini, kama si kwa mkono? Hotuba iliyoambatanishwa humu nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika upya, mpaka kidole kimeota sugu. Ndani yake nimemshukuru mama kwa yote, kisha nikathibitisha, hoja kwa hoja, kwamba mapumziko ni haki yake. Mama ana akili kuliko sisi sote. Mtu mwenye akili akipewa sababu za kutosha, hukubali.

Msomee akiwa mtegoni.

Ndugu yako mdogo

25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwanangu hajambo, mimi sijambo, mama anasema hajambo.

Nimemsomea wakati namsuka. Ulipomwita "nguzo iliyosimama imara katika dhoruba za maisha", akaguna. Nilipomaliza akasema, "Imeandikwa vizuri sana. Nani amekufa?"

Usikasirike. Ameipenda, ameiweka kwenye kabati la wageni, na kwake hiyo ni heshima kubwa. Ila hebu jisome mwenyewe. Kila ukurasa umeandika "aliyesimama", "asiyechoka", "asiyeketi". Ulikusudia akae, ukamsifu kwa kusimama! Keshoye akaamka mapema akaanza kufua mapazia.

Siku ya kumuaga, shuleni walimwekea kiti mbele ya watu wote. Akampisha mwalimu mkuu.

Juzi nimemkuta jikoni ameshika ukuta kwa mikono miwili, macho kayafumba. "Mama, vipi?" Akasema anaangalia kama rangi imekauka. Ukuta ule, mdogo wangu, ulipakwa rangi kabla hujaanza shule.

Nimechoka kumvizia peke yangu. Fikiri kitu.

Dada yako

21 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ukimya. Ndani ya ukimya huo mlikuwa na nyundo.

Barua yako ilinikuta nakula. Nilipofika penye ukuta, nikaacha kula. Nikachukua kalamu nikujibu, nikairudisha mezani, nikaenda stoo. Vitabu hutufikia vikiwa katika masanduku ya mbao, na masanduku matupu hugeuzwa kuni. Nikaomba mawili, nikaazima nyundo na msumeno kwa mlinzi wa lango, nikaanza kumtengenezea mama kiti.

Mlinzi aliniangalia kitambo, akaniuliza, "Mzee wa digrii, huo msumari umekukosea nini?" Nilimfafanulia kwamba kosa lilikuwa la mbao. Akasema, "Na kidole nacho?" Nilikuwa nimeshakitia mdomoni.

Kiti kimekamilika, na nimekipa kigoda chake cha kuinulia miguu, kama alivyoagiza muuguzi. Kwenye egemeo yamebaki maandishi ya sanduku, USIPINDUE, nami nikayaacha kwa kuwa yanaihusu ile ndoo. Mguu mmoja wa nyuma unatofautiana kimawazo na wenzake. Nimechunguza jambo hilo kwa haki na kuridhika kwamba kiti hakina kosa. Sakafu ya hapa ndiyo isiyo na msimamo.

Dereva wa gari letu la vitabu atakileta. Mama akikicheka, niambie ukweli. Asipokikalia, usiniambie upesi.

Ndugu yako mdogo

4 Agosti

Fundi,

Marahaba, marahaba tena! Kidole kinaendeleaje? Sisi wazima, na leo nasema "sisi" nikimaanisha watu wote wa nyumba hii.

Kiti kilifika. Mama alikizunguka taratibu kama anayekagua mbuzi wa kununua. Akagusa egemeo, kikayumba. Akasema, "Mwanangu amesoma. Hilo halina ubishi." Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kisha akakiweka mlango wa jiko, akaanika taulo la vyombo juu yake. Nikasema basi, kimeshapata kazi ya kamba. Ndiyo maana sikukuandikia.

Jumamosi akaja mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake kumpongeza mama kwa kustaafu. Viti vyote vyenye vitambaa vikajaa. Mjumbe mmoja akabaki wima, akakivuta kiti chako. Mama aliruka!

"Thubutu! Kwenye hicho? Utaniaibisha, baba. Mgeni wangu akae kwenye gogo hilo!" Akanituma benchi la saluni, mjumbe akaketi.

Mwenyekiti akamtazama. "Haya, mama, na wewe keti basi. Tumekuja kwa ajili yako, unatusimamia kama askari."

"Mimi sina..." akaanza, akaangalia huku na huku. Ndoo nilikuwa nimeijaza maji makusudi. Kilichobaki ni kiti chako, alichomnyang'anya mjumbe. Akaketi. Kikamyumbisha, akainuka, nikadhani amekikataa. Kumbe alikuwa anakwenda kwenye kabati la wageni. Akalifungua, akatoa hotuba yako, akaikunja mara kadhaa, akaisukumiza chini ya ule mguu mbishi. Akaketi tena. Akaweka miguu juu ya kigoda. Mikono mitupu, bila kitunguu hata kimoja.

Mwenyekiti akasema, "Leo mtaa huu una wenyeviti wawili."

"Hapana," mama akamjibu. "Wewe ni mwenyekiti. Mimi ni mwenye kiti."

Wageni walipoondoka hakuinuka. Akaniambia, "Hebu niletee maji ya kunywa." Mdogo wangu, umewahi kusikia neno hilo kinywani mwake? Nilikwenda jikoni kuyachota, nikakaa huko kidogo, kwa sababu sikutaka anione.

Dada yako

11 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima kuliko nilivyostahili.

Napinga matumizi ya hotuba yangu, lakini nakiri kwamba haijawahi kusimamia hoja vizuri namna hiyo. Nimemsomea mlinzi barua yako. Akanishika mkono, tena huu wangu wenye kidole kibovu, nami sikulalamika.

Mwisho wa mwezi nimepata likizo, nakuja. Nitakuja na randa, gundi na vanishi. Mguu ule nitaunyoosha, egemeo nitalilainisha, na nimeona kitambaa cha kushonea mto. Mama anastahili kiti kisicho na dosari.

Ndugu yako mdogo

18 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Kazi haijambo? Hapa dada yako amenisomea barua yako, nami nimemnyang'anya kalamu. Miguu inapungua, kiatu changu cha zamani kimeanza kunikubali. Muuguzi ameuliza nimetumia dawa gani. Nimemwambia ya masanduku.

Njoo, baba. Njoo hata kesho, chumba chako kimefagiliwa. Ila hiyo randa na vanishi viache huko huko. Juzi shangazi yako alikitazama kiti changu, akasema, "Hiki kikinyooshwa kidogo kitafaa sebuleni."

Nikakikalia upesi.

Mama yako,
mwenye kiti